Karabai Moja, ya Zamani, Yenye Kuwaka

Papa Prospère aliigeuza karabai chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye kitako chake na kuzisoma polepole tarakimu za mwaka zilizogongwa pale.

"Hamsini na saba. Andika."

Ruben akaandika. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, macho chini. Kule bandarini alikuwa fundi wa injini za boti, mikono yake imezoea vyuma vizito kuliko hiki, lakini leo kalamu ilikuwa inamtoroka.

"Tangi?"

"Halina kutu, Papa."

"Umetazama ndani?"

"Nimeingiza kidole."

"Kidole hakina macho. Ingiza tochi."

Papa Prospère alikuwa na karabai kumi na saba, zimepangwa sebuleni kwa umri, kuanzia kongwe. Zamani kila mvuvi wa ndakala, wale dagaa wa usiku, alikuwa nayo na hakuna aliyeiona kuwa kitu. Zilipokuja taa za batiri, watu walizitupa, naye akawa anaziokota moja moja, bila kusema sana. Kila taa ilikuwa na ukurasa wake daftarini: mwaka, mikwaruzo, kilichobadilishwa, na alama kati ya kumi. Hii ya hamsini na saba ilikuwa na tisa. Mwaka jana bwana mmoja wa shirika aliitolea dola mia mbili. Alijibiwa kwa upole kwamba haiuzwi, akapewa chai, akaenda zake.

Ruben hakuwa na nafasi ya kukataliwa, hata kwa upole. Katika orodha ya mahari ya Keren, mchumba wake, alikuwa amemaliza mbuzi, blanketi, suti, gunia la chumvi, hata viatu vya bibi. Ulibaki mstari mmoja: karabai moja, ya zamani, yenye kuwaka. Orodha iliandikwa na wajomba wa Keren, watu wa Zongwe, ambao ujanani walivua kwa karabai na hawakutaka kusikia habari ya taa nyingine. Jumapili iliyopita aliwapelekea taa ya sola, mpya, ndani ya boksi lake. Mjomba mkubwa aliiwasha, akaizima, akauliza mtoto mwenye kitu hiki cha kuchezea ameachwa wapi.

Kikao cha mwisho kilikuwa kesho saa tisa. Bila karabai, wajomba wangepanda boti na kurudi kwao, na ndoa ingengoja kiangazi kingine. Keren alikwisha kushona gauni.

"Kumbe hao wajomba ni wakali," alisema Papa Prospère, akipuliza vumbi kwenye kofia ya taa.

"Wakali, Papa."

"Na baba wa binti? Yeye anasemaje?"

"Yeye hajasema neno, Papa. Anakaa tu, anasikiliza."

"Mutu mugumu huyo."

"Hapana, Papa. Ni mutu wa kupima mambo."

"Mimi ningemuogopa."

"Namuogopa, Papa."

Jikoni mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama Élisabeth, mke wa Papa Prospère, alitoka na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha. Ruben alishukuru kwa mikono miwili bila kugusa kitu.

"Bado, Mama."

Mama Élisabeth hakumbembeleza. Alirudi na sinia lake, mabega yakimtikisika.

"Papa," alisema Ruben, "hata ile ya pale chini, yenye kioo kilichopasuka, ingenitosha. Hii ina tisa."

"Ile ina nne. Unataka kumuoa binti wa watu kwa taa ya nne?"

"Hapana, Papa."

"Basi piga pampu. Na usiipige kama unaua nyoka."

Ruben akapiga pampu, akihesabu kwa midomo, kisha akawasha kiberiti. Taa ilikohoa, ikatoa mwali wa njano uliopanda juu ya kioo, kisha ikatulia na kuwa nyeupe kabisa, ikivuma. Ingawa ulikuwa mchana, dirisha likiwa wazi, chumba kizima kilibadilika rangi. Mzee aliinamisha kichwa kuisikiliza, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Hewa inatoka mahali," alisema mwishowe.

Ruben aliizima, akaingoja ipoe, akaifungua pampu vipande vipande juu ya gazeti. Kosa alilipata upesi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikawa ya fundi. "Ni hii ngozi, Papa. Imekauka, imekunjamana. Taa itawaka, lakini kila robo saa itaomba pampu."

"Umeona vizuri. Andika nane."

"Nane, Papa?"

"Nane. Mimi sipendelei mutu."

Ruben aliandika nane, akairudisha pampu mahali pake, akaifunga karabai ndani ya kitenge alichokuja nacho. Kisha akabaki amesimama.

"Papa, bei bado hatujaisema."

"Utairudisha hapa kesho, saa tisa," alisema Papa Prospère. "Usipite uani kama leo. Pita mulango wa mbele."

"Ndiyo, Papa. Na ngozi ya pampu? Nikiiloweka kwenye mafuta sasa hivi, kesho itakuwa imelainika."

"Iache hivyo. Tutaitengeneza pamoja, wageni wakishaondoka." Papa Prospère alifunga daftari. "Kesho nitakuwa nimeketi katikati ya shemeji zangu wa Zongwe. Unataka nikupe Keren bila kuona hata kosa moja?"