Jaketi la Tulinagwe

Siku hizi meli ya vita ikizama, wakubwa wanahesabu majaketi ya kujiokolea, hawahesabu watu. Jaketi likifika nchi kavu, mwenyewe yu hai, na aliyelivaa ndiye yeye. Ndiyo sheria yao.

Mke wangu Tulinagwe, mchungaji wa jeshi, meli yao ilipozama alimvalisha askari jaketi lake mwenyewe, akabaki sitahani akiwaimbia waliokosa majaketi. Wakaniletea yule askari, Mkumba, Mwislamu wa Kilwa. "Mzee, mkeo huyu hapa."

Nikaomba kuweka matanga. Afisa akacheka. "Matanga ya mtu mzima? Unamchuria mkeo!"

Nywele za Mkumba hazikauki, na anapopita sakafu inanuka chumvi. "Baba, jaketi langu lilizama. Mama keshanisomea hitima. Nikimpigia simu anakata, anasema mzimu."

Jana nikapakua ugali. Mkumba akafumba macho, akaimba wimbo wa Kinyakyusa, lugha asiyoijua.

"Nani kakufundisha?"

"Mchungaji aliuimba nikielea. Mpaka leo hanyamazi, Baba."

Ugali ukapoa. Nyumba nzima ikawa kama inayumba taratibu juu ya maji. Mungu anisamehe, nikaita, "Tulinagwe."

Mkumba akaitika, laini kama yeye, "Abee."