Mpisheni Mama Mjamzito

Foleni ya supamaketi ilikuwa imekwama kwa sababu mwanamume wa mbele alikuwa akigombana na keshia juu ya bei ya dumu la mafuta. Nyuma ya Zawena, toroli la mama mmoja wa makamo lilimgonga kisigino.

"Mama, unaniumiza," Zawena alisema bila kugeuka.

"Samahani, mwanangu."

Haikupita punde, likamgonga tena. Zawena aligeuka na maneno makali mdomoni. Wiki nzima hakuwa amepata usingizi, na alichotaka ni kulipia sabuni yake arudi kulala. Lakini macho ya yule mama yalikuwa yametua tumboni mwake.

"Jamani, hamna utu?" mama alipaza sauti. "Mpisheni mama mjamzito!"

Watu wakajibana kando. Hata yule mgomvi alinyamaza, akavuta dumu lake. Njia ikawa wazi mpaka kwa keshia.

"Asanteni, lakini sina mimba," alisema Zawena.

"Usione haya, mwanangu. Pita." Mama alimshika mgongoni kwa upole, na upole huo ulimuudhi kuliko kule kugongwa kisigino.

"Nimeshajifungua," Zawena alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimemzika Ijumaa."

Mkono wa mama ulibanduka taratibu mgongoni. Hakuna aliyerudi mahali pake, wala Zawena hakusogea. Njia ilibaki wazi mbele yake, na mkanda wa kaunta ukaendelea kuzunguka mtupu.