Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Mtandao ulipatikana juu ya kilima tu, kati ya mashamba ya maharage ya Karuba. Hapo mwalimu Sidonie akafungua kwenye simu somo la kwanza la utunzaji wa maktaba za shule. Kwa miaka sita vitabu vya shule alivyovitunza havikuchafuka, maana hakuwahi kumwazimisha mtu.

Akasoma zoezi kwa sauti: "Azimisha kitabu kimoja leo, ndipo somo la pili lifunguke."

Akaushika ufunguo wa kabati uliokuwa shingoni mwake.

"Uniazimishe miye!" akasema Mama Uwitonze, aliyekuwa akipalilia karibu. "Ao unaogopa hii mikono?"

Akaiinua, udongo mpaka kwenye kucha.

Sidonie akaitazama kwa muda. Kisha akaangua kicheko, akavua kamba ya ufunguo.

"Tushuke shuleni, Mama. Utanawa mtoni."