Kawajense Kuna Nini?

Marsela aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri, akajifunga kanga upya, akauliza mtaa wa Kawajense ni upande gani. Hakuja Mpanda kutembea. Watoto amewaacha kwa jirani huko Majimoto, yeye amekuja kumfumania mwanamke anayemlaza mumewe.

Hebu fikiria mwenyewe. Mwaka ule wa tisini na sita, kila muuza mchele wa Majimoto akienda Mpanda alilala mtaa wa Makanyagio. Soko karibu, maji karibu, na kitanda kina chandarua. Manyanda peke yake ndiye aliyekwenda kujichimbia Kawajense na magunia yake. Mkewe akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Makanyagio hapanifai." Hapamfai nini, mtu mpenda raha kama Manyanda?

Dereva wa lori ndiye aliyezidi kumtia wazimu. "Mumeo tukifika Makanyagio anajifunika turubai," alimwambia huku anacheka. "Tukishapita, ndiyo anaibuka. Halafu huyo, kwa Bibiana."

Marsela hakucheka. Anajificha ili watu wasilete habari nyumbani, nini kingine? Hilo jina la Bibiana akalichukia hapo hapo.

Nyumba ya wageni ya huyo Bibiana aliipata bila shida. Akajitambulisha kuwa ni dada yake Manyanda, maana mke haambiwi ukweli. Bibiana akatoka akiburuta mguu. Alikuwa kikongwe, meno ya mbele hana.

Akamfungulia chumba cha Manyanda, mwenyewe yuko sokoni. Kitanda cha kamba, mto mmoja, dari limeoza. Kikongwe alipogeuka, Marsela akainusa shuka. Jasho la mumewe tu, na vumbi la pumba. Akainua mkeka, akachungulia uvunguni. Hakuna kanga, hakuna hata pini ya nywele.

Akakaa kitandani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aibu ilimshika kweli. Mume wa watu anajibana kwenye kibanda hiki, na yeye kila siku anamtukana moyoni. Akaazimia kumnunulia shati kabla ya kurudi.

"Sasa bibi," akauliza, roho nyepesi, "huyu ndugu yangu kinachomkimbiza Makanyagio ni nini?"

Bibiana akamshangaa. "We dada mtu, na Usukuma wako, hilo hulijui? Atalalaje Makanyagio, mtaa anaokaa mama mkwe wake? Anamstahi, maskini. Hata kupishana naye njiani hataki."

Marsela alikuwa bado anatabasamu. Mama yake yeye yuko Ikola, anaanika dagaa, na Mpanda hajawahi kufika.