Kunde za Juu ya Jabali

Beberu mzee alipofiwa na mkewe, alilala bondeni akawa hainuki. Masika yalikaribia, na kila masika bonde lile hujaa maji.

Kondoo, jirani mwenye huruma, alimletea kunde hadi mdomoni. "Tulia, babu. Umehangaika vya kutosha."

Kanga, asiyejua kutulia, akazikwapua kunde na kuzipeleka jabalini. "Chakula chako kiko huku, babu! Miguu umeiazimisha?"

"Huna adabu! Nina msiba mimi!"

"Msiba hauna miguu. Wewe unayo."

Njaa ikamwinua. Akapanda polepole, akala, akashuka. Kila asubuhi Kanga aliiba tena, akapandisha kunde juu zaidi, na Beberu akamfuata akilalamika.

Mvua ikashuka ghafla. Kondoo alikwama topeni, na Beberu ndiye aliyemsukuma kwa pembe mpaka juu ya jabali.

"Mwizi wewe," akamwambia Kanga akihema, "mbona uliniandama mimi tu?"

Kanga akatulia kwa mara ya kwanza. "Marehemu aliniusia, babu. Alisema: akilala, mwibie."

Beberu akapiga magoti, akamshukuru Mungu, kisha akainuka mwenyewe.