Nukta Moja

Bi Saumu hakuruhusu kitu kitoke dukani kwake bila kujaribiwa, kwa sababu kikishatoka hakirudi. Basi akatia betri kwenye tochi ya leza aliyokuja kuinunua Kibwana, akampa, akamwonyesha tangi la maji lililokuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira.

"Bonyeza."

Nukta ya kijani ikatua kwenye tangi. Kibwana akafumba jicho la kulia, akabaki na la kushoto, na papo hapo tangi na nukta vikazama katika ukungu mweupe. Hivyo ndivyo Ngasongwa alivyomwacha siku ile ya fainali, alipommulika kwa leza golini kutoka jukwaani. Penalti ikampita, na mji mzima ukasema kipa kahongwa.

"Kutoka jukwaani inafika golini?" aliuliza.

Bi Saumu alimtazama. "Jumapili anadaka mtoto wa Ngasongwa."

"Najua."

"Ana miaka kumi na saba, Kibwana. Siku ile alikuwa ananyonya."

Kibwana akaitia chaja mfukoni, mkanda wa tochi akauvaa mkononi. Kile kifuniko cha kutawanya mwanga uwe vinyota, watoto wacheze navyo ukutani, akakisukuma kwa Bi Saumu.

"Hiki baki nacho. Mimi nataka nukta moja."

Uwanjani vijana walikuwa wameanza mazoezi. Nukta ikashuka kutoka kwenye tangi, ikavuka nyasi taratibu, ikapanda mlingoti wa goli, ikasimama usawa wa uso wa mtu, ikitetemeka.