Vidole Begani

Kwenye dirisha la ofisi ya mafao, karani alinyoosha mkono mmoja. Mwingine ulishika mkasi.

"Bibi, posho yako ya ulemavu imekwama kwenye namba ya zamani. Nipe hicho kitambulisho nikikate, niiunganishe na namba mpya, hela itoke."

Bi Mashavu, ambaye mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni, alikibana kitambulisho kifuani. Mwishowe akakisukuma kwa karani.

"Utakikata, mwanangu, lakini tazama kwanza hapo begani."

Kwenye picha msichana alikuwa akicheka, na begani pake vidole vinne vimechomoza kutoka nyuma ya shuka jeupe.

"Vya nani hivi?"

"Vya marehemu mume wangu, Mwinjuma. Enzi zile picha za kitambulisho watu walipigwa wima, na mimi bila gongo sisimami. Akajificha nyuma ya shuka anishikilie. Kumbe ananitekenya, mshenzi yule! Picha yake nyingine hakuacha, ni hivyo vidole tu."

"Mwinjuma mpiga zumari?" mama mmoja akadakia kwenye foleni. "Hebu tuone! Si alipiga harusini kwangu!"

"Harusi ipi, ile iliyovunjika?" mwingine akamchokoza, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Kitambulisho kikachukuliwa mkononi mwa karani. Kikapita mkono hadi mkono, kila mtu na lake la kusimulia, mpaka kikavuka mlango na kutoka nje juani. Karani alibaki na mkasi wake wazi. Bi Mashavu aliegemea dirisha, akasikiliza vicheko vikizidi kwenda mbali.